Sindano Nne za Pikipiki ya Radi

3 Machi

Mdogo wangu Spana,

Salamu nyingi. Mimi na watoto hatujambo, shemeji yako anaendelea na mafua yake ya kila mwaka. Sasa vuta kiti ukae kabla hujaendelea kusoma.

Jana asubuhi nilikuwa kwenye ngazi za mahakama, nimekumbatia mafaili ya kesi, nikasikia mngurumo. Unaujua ule. Nikasema moyoni, Baba huyo. Lakini Baba tumemzika mwaka juzi, mimi na wewe tumesimama kaburini tukamwaga mchanga. Mara ikakata kona pikipiki yake, ile kubwa ya safari, na masanduku yake mawili ya pembeni, moshi mweusi unaifuata kama vile mtu anachoma matairi. Juu yake kuna mtu amevaa koti la mvua la Baba na helmeti ya Baba. Akasimama kwenye taa, akaweka mguu chini, akafunua helmeti apanguse miwani. Alikuwa Mama.

Mafaili yalinitoka mikononi yote. Karani mwenzangu aliniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Spana, Mama ana miaka sitini na saba. Magoti yanamlilia hata kwenye ngazi za nyumbani kwake. Maisha yetu yote tumemwona akikaa nyuma, ameshika kiuno cha mumewe. Jioni nilikwenda kumuuliza, nikamkuta anapiga pasi. "Nilikwenda posta," akasema. Nikamwambia, Mama, posta watu wanakwenda kwa miguu. Akageuza shati upande wa pili. "Ndiyo maana wanachelewa."

Nadhani huzuni imempanda kichwani. Wewe ndiye fundi. Niambie ni kitu gani nikichomoe isiwake tena, kitu kidogo ambacho hatakigundua. Nitakitupa mtoni mwenyewe.

Dada yako

*

9 Machi

Mheshimiwa Dada,

Barua yako nimeisoma, nikarudia, na kila mara nilidhani nimekosea neno. Nilimsomea jirani yangu, yule mama wa duka la vipuri lililo mkabala na gereji. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi kicheko hakikuja. Ile pikipiki ina uzito wa ng'ombe. Hata mimi nikitaka kuishusha kwenye stendi huita mtu.

Usichomoe kitu, ataona. Mimi nina njia nzuri zaidi. Moshi mweusi maana yake kabureta zimechakaa, zinamwaga petroli kuliko injini inavyoweza kuchoma. Zipo nne, moja kwa kila silinda, na pikipiki imeshapita kilomita laki mbili, kwa hiyo wala si ajabu. Nimemwandikia Mama azitoe, azipakie kwenye basi, nimsafishie. Zikishafika kwangu zitapata ugonjwa usiopona. Leo sindano hazipatikani, kesho mipira imeagizwa, keshokutwa meli imechelewa. Bila kabureta pikipiki ni benchi tu. Wewe kaa kimya, uso wako usiseme kitu.

Nisamehe mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Nimeungua kiganja. Nilishika ekzosi ya moto, sijui nilikuwa nawaza nini.

Mdogo wako

*

15 Machi

Mwanangu Spana,

Kabureta hizo hapo. Nimezitoa mwenyewe. Fundi wa huku sikumwita, ana tabia ya kubembeleza skrubu kwa nyundo. Nimezifunga kwenye shuka kuukuu, shuka nirudishie.

Ugonjwa wake ni huu. Ikiwa baridi inawaka vizuri. Ukishatoka mjini, mkono ukatulia umefungua robo tu ya mafuta, inaanza kukohoa na kuvuta kama imefungwa kamba nyuma. Ukifungua zaidi inapona. Ukirudisha, inakohoa tena. Mkono unaihisi kabla sikio halijasikia. Imekuwa hivyo tangu ile safari yetu ya mwisho, na plagi zikitolewa ni nyeusi kama masizi ya sufuria. Tazama sindano na tundu zake. Floti, yale maboya ya ndani, nimezitikisa, sikusikia petroli ndani, nadhani ni nzima.

Najua dada yako amekuandikia. Alikuja hapa na sura ya mtu aliyekutana na maiti ikinunua mkate. Msinifanyie ujanja, nimewazaa.

Kiganja kimepona? Uliponiandikia ulisema umeungua, hukusema ilikuwaje.

Mama yako

*

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Zimefika salama. Nakuandikia zikiwa mbele yangu, vipande vimetandazwa juu ya gazeti, na chai yangu imepoa sijaigusa.

Kweli nilikuwa nimepanga kukufanyia ujanja. Nimeghairi, kwa sababu ya nilichokiona.

Acha nikueleze kama vile hujui, ingawa naanza kuogopa kwamba unajua kunishinda. Ndani ya kila kabureta kuna sindano ndefu inayoning'inia ndani ya tundu. Mkono ukifungua mafuta kidogo, sindano inapanda kidogo; ukifungua mpaka mwisho, inapanda yote, inabaki ncha tu tunduni. Pale inapokaa siku zote ndipo inapolika. Fundi akiishika tu anajua mwenye pikipiki alikuwa mtu wa namna gani.

Baba alikuwa Radi. Jina hilo alipewa na mtaa mzima. Akitoka getini na wewe nyuma yake, madirisha yanatetemeka na watoto wanaziba masikio. Alifungua mafuta mpaka mwisho, kila safari, tangu nilipopata akili. Kwa hiyo nilitegemea ncha ziwe zimekwisha.

Ncha ni mpya, Mama. Zote nne. Zinang'aa kama zimetoka kwenye pakiti. Kilichokwisha ni sehemu ya juu, pale panapokaa robo ya mafuta. Hapo nimepitisha ukucha ukazama. Na tundu zake hazina duara tena, zimekuwa umbo la yai. Hizo ni kilomita laki mbili za mtu mmoja mpole, mwenye mkono usiotikisika, ambaye hana haraka na hana mtu wa kumwonyesha.

Nimesoma tena barua yako. "Mkono unaihisi kabla sikio halijasikia." Abiria hana mkono kwenye mafuta. Abiria hajui robo ni wapi.

Mama, nani alikuwa anaendesha?

Mwanao

*

29 Machi

Mwanangu,

Ni mimi.

Nimeandika maneno hayo mawili, nikainuka, nikafagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa. Sasa nimerudi.

Wewe ulikuwa hujazaliwa, dada yako anatambaa. Baba yako alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi ya ukaguzi wa mizani, ya kuzunguka mji hadi mji kupima kama wauza nafaka hawawaibii watu. Ofisi ilimpa pikipiki na nyumba. Siku moja aliangukia mtaroni, njia nyeupe, hakuna mchanga wala mbuzi. Waliomwokota walisema alikuwa anatetemeka mwili mzima na povu mdomoni. Tulikwenda kwa daktari wa mji wa mbali, ambako hakuna anayetujua. Akasema ni kifafa.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mkaguzi asiyeweza kuendesha si mkaguzi. Wangechukua pikipiki, wangechukua nyumba, na watu wangeanza kumpa kikombe chake peke yake. Aliniomba nisimwambie mtu. Akanifundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, alfajiri. Niliiangusha mpaka nikajua kuiinua peke yangu.

Kwa hiyo ule mngurumo mliokuwa mnausikia ulikuwa wake, hukukosea. Alikuwa Radi kutoka getini mpaka kwenye tanuri la matofali. Pale anazima, tunabadilishana. Nilikuwa na mkanda mpana wa turubai, nilioushona mwenyewe. Nilikuwa najifunga naye kiunoni, mgongo wangu na kifua chake, ili ikimjia asianguke. Mkiniuliza kwa nini tulikuwa tunawaacha kwa mama yenu mdogo kila safari, ni hiyo.

Ilimjia mara nyingi. Kuna siku ilimjia katikati ya daraja la chuma, gari la mizigo liko nyuma yetu. Nilisikia kichwa chake kinanigonga mgongoni, kinagonga, kinagonga. Sikuweza kusimama. Nilishika mafuta pale pale yalipokuwa, sikuongeza sikupunguza, mpaka tulipofika ng'ambo. Nikamlaza kwenye majani. Mchana ule ule alikwenda kukagua mizani ya soko zima na hakuna aliyejua.

Nilijifunza kuijua kabla haijafika. Macho yanaganda. Anatafuna, na mdomoni hamna kitu. Vidole vinachezea kifungo cha shati, vinachezea, vinachezea, ukimwita hasikii. Baadaye anakuuliza kwa nini unamtazama hivyo. Hiyo ndogo ndiyo ilikuwa inakuja mara nyingi kuliko ile kubwa.

Tumewalisha na kuwasomesha juu ya pikipiki ile. Sijutii. Ila alipokufa, watu walikuja kunipa pole wakasema, Radi alikuwa dereva, na mimi nikaitikia. Nimeitikia mwaka mzima na zaidi. Asubuhi ile nilitaka tu kwenda posta nikiwa mbele.

Dada yako usimwambie kwanza. Yeye kazi yake ni viapo, nitamwambia mwenyewe.

Mama yako

*

10 Aprili

Spana,

Naona mpango wako umefanya kazi kupita kiasi. Pikipiki imekaa barazani kama mbuzi aliyetolewa utumbo. Lakini Mama simwelewi. Kila siku anakaa getini kumsubiri mtu wa posta, na akipita mikono mitupu hataki hata kunisalimu vizuri. Amekonda. Nimemwuliza kama ni kabureta, akanijibu, "Kabureta ni vyuma, mama."

Nimeanza kujiona mkatili. Je, tumrudishie? Hapana, kaza hapo hapo. Kulia kwake kwa ajili ya pikipiki ni bora kuliko sisi kulia kwa ajili yake.

Na wewe mbona hujibu? Nilipiga simu duka la vipuri mkabala na kwako. Yule mama alisema umepumzika. Nikamwuliza, amepumzika saa nne asubuhi siku ya kazi? Akasema ana mteja, akakata. Unaumwa?

Dada

*

14 Aprili

Mama,

Barua yako ilinikuta nimesimama dukani kwa jirani. Nilipofika kwenye kifungo cha shati nilikaa chini sakafuni, katikati ya maboksi ya plagi.

Mama, mimi nachezea spana.

Nimeambiwa na jirani. Anasema ameniona zaidi ya mara moja, nimesimama na spana mkononi, naizungusha, naizungusha, macho yamekwenda, natafuna kama mbuzi. Alidhani ni mawazo ya madeni. Mimi mwenyewe sikumbuki. Ninachojua ni kwamba wakati mwingine nageuka nakuta boli imeshafungwa na sijui nani ameifunga. Kile kiganja, sikushika ekzosi kwa kuwaza. Nilirudi nikakikuta kiko pale, kinaungua, na harufu ndiyo iliyoniamsha.

Nimekuwa hivyo tangu kabla ya msiba. Sikuwaambieni. Nilidhani ni moshi wa gereji, au usingizi.

Na kila pikipiki ninayoitengeneza, Mama, lazima niipeleke barabarani kuijaribu.

Siku tatu baada ya barua yako ikanijia ile kubwa. Nilikuwa chini tayari, nafunga kizibo cha kumwagia oili, Mungu ni mwema. Nimeng'ata ulimi. Jirani alikaa nami mpaka nikamtambua. Alipojibu simu ya Dada nilikuwa nimelala nyuma ya kaunta yake.

Nakurudishia kabureta zako na shuka yako. Nilizimaliza. Sindano mpya, tundu mpya, mipira mipya, floti ni nzima kama ulivyosema. Sijui kama nitafungua nyingine, nilitaka hizi ziwe nzuri. Zifunge tu, ziko tayari.

Ninaogopa. Sikuwahi kukuandikia neno hilo.

Mwanao

*

20 Aprili

Mwanangu wa kwanza,

Ukifika kwangu utakuta funguo kwa jirani yangu, na barua hii kwake. Nimemwomba akukalishe kwanza.

Baba yako alikuwa na kifafa tangu ukiwa unatambaa. Pikipiki nilikuwa naendesha mimi, miaka yote, yeye nyuma yangu amefungwa kwa mkanda. Mdogo wako amepata ugonjwa huo huo, na alikuwa anauficha kama baba yake, bila hata kujua kwamba baba yake aliuficha. Yuko peke yake kule.

Nimefunga kabureta jana. Inavuma kama cherehani. Basi linazunguka siku mbili. Mimi najua njia ya mkato, nimeipita mara nyingi kuliko dereva yeyote wa basi.

Kasirika ukitaka. Kuku wapewe maji.

Mama yako

*

24 Aprili

Mama,

Nakuandikia kwa anwani ya gereji, sijui hata kama utanijibu.

Nilikalishwa, kama ulivyoagiza. Jirani yako alinipa maji na nikayamwaga. Nilisoma barua yako, nikatoka nikasimama barazani ilipokuwa pikipiki, nikatazama lile doa la oili chini. Nilibaki pale mpaka mume wangu akaja kunitafuta.

Nakasirika, ndiyo. Nimeapisha mashahidi nusu ya maisha yangu, nikirudi nyumbani nawasimulia wanangu habari za babu yao Radi. Mlituacha tumpende mtu ambaye nusu yake hatukuonyeshwa. Ningemshika mkono, Mama. Nilikuwa namwona akikaa kimya mezani, anachezea kifungo, nikadhani hataki kunisikiliza. Nilimnunia kwa hilo mpaka anakufa.

Na Spana. Laiti angejua mapema angekwenda hospitali, asingeshika moto. Hilo nakulaumu, na nitakulaumu hata tukionana.

Halafu nawaza lile daraja ulilomwandikia Spana. Amenisimulia kwa simu jana, analia, nami nalia, na mteja mmoja hapa mahakamani anasubiri muhuri. Nawaza kichwa chake kikikugonga mgongoni. Mimi nilidhani wewe ndiye uliyebebwa.

Amesema umefika. Niandikie mwenyewe. Sitaki kuambiwa mambo yako na mtu mwingine tena.

Mwanao

*

6 Mei

Mwanangu,

Nilifika salama. Mgongo uliuma, magoti yaliuma, kabureta hazikukohoa hata mara moja. Mdogo wako alikuwa amekaa kwenye tairi nje ya gereji. Aliponiona nakata kona aliinuka, akaweka mikono kichwani kama mtu aliyeibiwa. Amekonda, lakini ni yeye.

Lawama yako nimeipokea.

Hospitali tumekwenda. Daktari ni msichana mdogo, anaongea taratibu. Amempa vidonge vya asubuhi na jioni, na amesema watu wengi wakivimeza bila kuruka hutulia kabisa. Kuendesha hapana, mpaka atakapoona mwenyewe kwamba imekaa kimya muda wa kutosha. Kufika gereji Spana akasema, "Fundi asiyeweza kujaribu kazi yake ataaminiwa na nani?"

Nikamwambia nitajaribu mimi. Akanitazama. Nikamwambia, hujaona sindano zangu?

Basi ndiyo kazi yangu sasa. Yeye anafunga, mimi napeleka mpaka njia panda na kurudi, namwambia mkono umesikia nini. Wateja wengine wanacheka, wengine wanaogopa. Yule mama wa vipuri ameniuzia glavu.

Lakini nilitaka kukuandikia habari ya jana. Alikuja mteja mmoja, msambazaji wa magazeti, mtu mwenye haraka. Alipoona mimi ndiye nakalia pikipiki yake akauliza kulikoni, fundi kwa nini haijaribu mwenyewe. Mdomo ulikuwa tayari. Miaka yote ile, mwanangu, hata nikiamshwa usingizini nilikuwa na jibu mkononi: ameteguka mguu, ana homa, miwani imevunjika. Nikafungua mdomo niseme ameumia kiganja.

Spana akanitangulia. Alikuwa anafuta mikono na kitambaa. Akasema, "Nina kifafa. Daktari amenikataza kuendesha kwa sasa. Huyu ni mama yangu, ameendesha kilomita laki mbili."

Nilitazama chini. Nilisubiri yule mtu arudi nyuma, achukue pikipiki yake, aende akawaambie watu.

Akasema, "Pole sana, fundi." Kisha akatazama saa yake. "Sasa itakuwa tayari leo, au nipande basi?"

Hivyo tu. Spana akamwambia itakuwa tayari saa kumi, naye akaenda zake.

Nilikwenda nyuma ya gereji nikakaa kwenye boksi. Spana alinifuata akidhani nimeumia. Nililia mpaka nikashindwa kumweleza. Nilikuwa namlilia baba yako. Nilikuwa nawaza mtu mmoja tu, katika miji yote ile, soko moja tu, kama angemwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo akatazama saa yake.

Mama yako